Chuma cha sokoni hakisomi damu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba iwe kubwa kuliko kawaida, maana jambo lenyewe haliishi kwa aya mbili.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya kuna tangazo linalosomwa redioni asubuhi, kati ya salamu za wasikilizaji na matangazo ya matanga. Mtangazaji anasema mashine ya kisasa imefika, mashine ya "sumaku na kwantamu", inayosoma damu, figo, ini, mifupa, homoni, hata sumu zilizojificha mwilini, bila sindano, bila mkojo, kwa dakika moja tu. Kisha anataja soko na siku. Mara ni Luanda, mara Mbale, mara Yala, mara Ahero. Mimi niliikuta hapa hapa Kisumu, juu ya meza ya plastiki chini ya mwavuli wa kijani, hatua chache kutoka pale matatu za Kakamega zinapojaza abiria.

Nimefanya kazi katika maabara za hospitali tangu ujana hadi nilipostaafu. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilibahatika pia kuitumia mashine ambayo kweli hupima kemikali za mkojo na damu kwa sumaku, iitwayo NMR. Ipo, inafanya kazi, na sijui kama nimewahi kuona kazi ya mikono ya binadamu iliyonistaajabisha zaidi. Kwa hiyo nina hasira mbili. Watu wanaumizwa, na wanaumizwa kwa jina la sayansi ninayoipenda.

Nieleze kwanza hiyo meza. Kuna kompyuta ya mapajani, kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani, na waya unaoishia kwenye chuma cha kung'aa chenye unene wa kidole gumba. Nyuma yake ameketi kijana nadhifu wa koti jeupe, kalamu mbili mfukoni. Anakuuliza jina, umri, urefu na uzito, anaandika. Kisha anasema, "Mama, shika chuma, usiongee, usicheke." Kwenye kioo unatokea mchoro wa moyo, halafu wa mapafu, halafu mistari ya rangi inayopanda na kushuka. Dakika ikiisha anakutumia kwenye simu karatasi nyingi: mnato wa damu, uchovu wa figo, kalsiamu, zinki, risasi, zebaki, kinga ya mwili. Kando ya kila jina kuna namba yenye desimali tatu. Desimali tatu, Mhariri! Kwenye maabara yetu ya wilaya zamani zile tulikuwa tunagombania desimali moja.

Katika ule mstari hakuna aliyeondoka mzima. Kila mmoja alikuwa na kiungo kimoja "kilichochoka", na chini ya meza kulikuwa na begi lenye chupa za kuking'arisha.

Shangazi yangu, au senje kama tunavyomwita, dada mdogo wa marehemu baba, anaishi Bunyore. Ana ugonjwa wa sukari na anameza metformini asubuhi na jioni. Alishikishwa chuma hicho, akaambiwa sukari yake iko sawa kabisa, ila figo zinalemewa na dawa za hospitali. Akauziwa pakiti za unga wa kijani kwa shilingi 6,500, akalipa kwa M-Pesa kutoka pesa za chama. Metformini akaziweka kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati.

Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta ameketi barazani na jagi la maji. Hakutumia kikombe. Alikunywa kwenye jagi lenyewe, akapumua, akanywa tena, na midomo ilikuwa bado imekauka. Nikamuuliza, "Senje, umeacha dawa?" Akanijibu kama anayemweleza mtoto, "Mwanangu, sukari ilikwisha. Mashine ya sumaku ilisema." Kipima sukari changu kidogo, kile cha kudunga kidole, kilisoma 24.8, juu mno. Kwenye zahanati, kijiti cha mkojo kiligeuka kahawia kwenye alama ya glukosi na zambarau kidogo kwenye alama ya ketoni. Kijiti chenyewe ni cha bei ya andazi. Senje amerudi kwenye dawa na sasa anaendelea vizuri, ananikasirikia tu kwa sababu nilimwaibisha mbele ya daktari.

Baada ya hapo ndipo nilipoitafuta meza ile na kupanga foleni kama mteja. Figo yangu ya kushoto ilikuwa imechoka. Nikamwambia kijana arudie, nalipa tena. Akarudia. Figo ikapona, na ini likaugua. Nikamuuliza imekuwaje, akasema mwili hubadilika kila sekunde, mawimbi hayasimami. Nikachomoa pini kwenye nywele zangu nikaigusisha kile chuma, kisha kile kisanduku. Haikunata popote. Mashine ya sumaku isiyoweza kushika pini ya nywele! Kijana akatabasamu, akaniambia hiyo ni sumaku ya kwantamu.

Sasa nieleze ile ya kweli, maana ninaamini mtu akishaona ya kweli ilivyo, hahitaji kuonywa dhidi ya hii.

Ndani ya karibu kila molekuli ya kemikali za mwili kuna haidrojeni, na kiini cha haidrojeni kina usumaku wake mdogo sana. Ukiviweka viini hivyo ndani ya sumaku kubwa, vingine huelekea upande wa sumaku hiyo na vingine kinyume chake. Tofauti ya pande hizo mbili ni ndogo ajabu. Hata katika sumaku ya tesla 14.1, aina niliyoitumia mimi, ziada ni kama viini 5 tu katika kila 100,000. Ishara yote tunayoipata hutoka kwa hao 5. Ndiyo maana sumaku haina budi kuwa na nguvu za kutisha, zaidi ya mara 200,000 ya nguvu za sumaku ya dunia. Mashine nyingi za MRI mnazozijua hospitalini ni za tesla 1.5 au 3.

Sumaku ya namna hiyo ni koili ya waya iliyozamishwa ndani ya heliamu kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu hiyo nayo imezungushiwa nitrojeni kimiminika ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mlangoni mwa chumba chetu kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Funguo, saa, kadi ya benki, vyote vilibaki kwenye kisanduku nje ya mstari. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hakuruhusiwa kuuvuka hata kwa hatua moja. Mara ya kwanza nilisahau kishikizo cha chuma kwenye mkoba, nikauhisi ukivutwa taratibu kama mtoto anayetaka kuonyeshwa kitu. Linganisheni na mwavuli wa kijani.

Kisha mkojo wenyewe. Hauchukuliwi tu ukamiminwa. Ulikuwa umegandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, kwa hiyo unauacha uyeyuke, unauzungusha kwenye sentrifuji takataka zitulie chini, unavuta mikrolita 540 kwa pipeti na kuongeza mikrolita 60 za bafa. Bafa hiyo ina fosfeti ya kushikilia pH, yaani kipimo cha asidi, kwenye 7.4, kwa kuwa sitrati na baadhi ya amino asidi huhama mahali pake pH ikibadilika, na hapo utampa mtu jina lisilo lake. Ina maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, ili mashine ijue haijayumba. Ina pia kemikali iitwayo TSP, ambayo kilele chake kwenye mchoro wa matokeo ndicho sifuri ya mizani yote. Mchanganyiko unaingia kwenye neli ya kioo nyembamba, milimita 5 kwa upana. Unaifuta neli kwa karatasi laini isiyoacha nyuzi, unaitazama kwenye mwanga kuona kama kuna kipovu, ndipo unaishusha. Mwalimu wangu, mzee mmoja asiyesema sana, alikuwa na tabia ya kuigonga neli kwa kucha mara moja na kusikiliza. Sikuwahi kujua anasikiliza nini.

Mashine inapiga mawimbi ya redio. Ni redio kweli. Stesheni zetu za FM huishia megahezi 108, hii inapiga kwenye 600. Viini vinayumbishwa, na vinaporudi mahali pake vinatoa ishara yake. Hapo ndipo ulipo utamu. Haidrojeni haijibu peke yake. Hujibu kutegemea majirani zake ndani ya molekuli, hivyo kila kemikali ina mahali pake kwenye mizani, namba inayohesabiwa kutoka ile sifuri ya TSP. Laktati, ile inayojaa kwenye misuli ya mkimbiaji na kwenye damu ya mtoto mwenye malaria kali, hutokea kwenye 1.33 ikiwa vilele viwili pacha. Ni viwili kwa sababu jirani yake ana haidrojeni moja. Alanini iko karibu na 1.48. Kreatinini, ambayo kila mwanamaabara anaijua kwa ajili ya figo, ina vilele vyake kwenye 3.05 na 4.05. Glukosi hujitokeza kwenye 5.23. Mtu mwenye ketoni nyingi, kama senje siku ile, angeonyesha asetoni kwenye 2.23 na ndugu zake wawili jirani.

Halafu unahesabu. Eneo lililo chini ya kilele hulingana na idadi ya haidrojeni zilizotoa ishara. Kilele cha laktati kina haidrojeni 3, basi unagawa kwa 3, unalinganisha na TSP ambayo kiasi chake ulikiweka mwenyewe, na unapata kiwango. Kwa mkojo unagawa tena kwa kreatinini, maana aliyekunywa maji mengi mkojo wake ni mwepesi na angeonekana amepungukiwa na kila kitu. Ile meza ya sokoni haijui senje alikunywa majagi mangapi.

Nimesema ni ya ajabu na sitanii. Kwa dakika chache, bila kuuharibu mkojo wala kuamua mapema unatafuta nini, unaona mamia ya vilele kwa mpigo. Kundi la David Wishart la Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, lilichapisha mwaka 2013 orodha ya kemikali za mkojo wa binadamu, na kwa NMR peke yake waliweza kutambua na kupima 209. Mkojo hauna siri. Aliyemeza Panadol jana anaonekana karibu na 2.15, hata akikana. Mnywaji wa chai anaonekana pia, kwa sababu vijidudu vya utumbo huvunja kemikali za majani ya chai na ini humalizia kwa kutengeneza hipureti, yenye vilele kati ya 7.5 na 7.9. Niliweka mkojo wangu mwenyewe siku moja baada ya wiki ya kunywa chai ya Nandi niliyokuwa nimebebewa kutoka nyumbani. Vilele vya hipureti vilikuwa virefu kuliko vya kila mtu pale chumbani. Wenzangu wakacheka, mzee akauliza kama majani yamebaki.

Lakini mashine hiyo hiyo ina mipaka, na hii ndiyo sehemu ninayotaka wasomaji waikate waiweke. Haioni kitu kilicho haba mno. Ikishuka chini ya mikromoli chache kwa lita, kelele inafunika ishara. Insulini, homoni za tezi, homoni za uzazi, zote ziko chini mno ya hapo. Kalsiamu haina haidrojeni, kwa hiyo kwa njia hii haina sauti yake. Nakumbuka tulipoletewa plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, iliyochukuliwa kwenye chupa za kifuniko cha zambarau, zile zenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, ambazo kila maabara ya Kenya inazo kwa ajili ya kuhesabu chembe za damu. EDTA yenyewe ikajaza spektra, yaani mchoro wa vilele, kwa vilele vyake, na vidogo viwili karibu na 2.6 vilikuwa EDTA iliyokumbatia kalsiamu na magnesiamu. Tulikasirika kwa sababu sampuli ziliharibika, tulitaka za heparini. Hivyo ndivyo kalsiamu inavyoonekana: kwa bahati, na kwa kumshika mwenzake mkono. Risasi na zebaki pia hazina haidrojeni. Basi ikiwa sumaku ya makumi ya mamilioni ya shilingi, ikizama kwenye heliamu, haikupi homoni wala risasi, kisanduku kinachokula umeme wa kompyuta kimevipata wapi, tena kwa desimali tatu?

Plazma ina shida zake nyingine ambazo nitazipita haraka: protini zake hutoa vilima vipana vinavyomeza vilele vidogo, na inabidi utumie mfuatano maalumu wa mapigo kuvizima. Maji nayo, ambayo haidrojeni zake ni nyingi kupita kiasi ukilinganisha na kemikali unazozitafuta, lazima yanyamazishwe kwanza, kwa mkojo na kwa damu pia.

Tena wasomaji wasidhani wanasayansi wenyewe hawajawahi kuvuka mpaka. Mwaka 1986, mtafiti Eric Fossel wa Boston alichapisha katika New England Journal of Medicine kwamba anaweza kutambua saratani kwa kupima upana wa vilele vya mafuta katika plazma ndani ya NMR. Dunia ilishangilia, magazeti yakaandika, na nani asingetaka kipimo kimoja cha damu kwa saratani zote? Maabara nyingine zikajaribu, zikashindwa kupata matokeo yale. Mafuta ya damu hubadilika kwa sababu nyingi, hata kwa chakula. Mwaka 1990 jarida lile lile likachapisha kwamba kipimo hicho kimevunja matumaini. Haikuhitaji mtu kupigwa wala kushtakiwa. Wengine walirudia kipimo kile kile kwa sampuli nyingine, basi. Kijana wa koti jeupe niliporudia kwake alisema mwili hubadilika kila sekunde.

Kazi ya kweli ikaendelea kwa unyenyekevu zaidi. Msingi wake ulishawekwa mwaka 1946, Felix Bloch akiwa Stanford na Edward Purcell akiwa Harvard, kila mmoja kivyake, mmoja akitumia maji na mwingine nta ya parafini. Walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1952. Richard Ernst wa Uswisi akapewa ya kemia mwaka 1991 kwa njia iliyoifanya mashine kusikia haraka zaidi. Huko London, kuanzia miaka ya 1980, Jeremy Nicholson na wenzake ndio walioufanya mkojo na damu kuwa somo la kudumu la NMR. Marekani, mwaka 2012, mamlaka ya dawa iliidhinisha mashine ya NMR ya kupima chembe za mafuta ya damu katika maabara za hospitali. Kwa hiyo njia ya halali ya kuingia hospitalini ipo. Inapitia karatasi, ukaguzi na miaka.

Nani angefaidika nayo huku? Nimelifikiria sana. Mei 2014 pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 80 katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 tukasikia tena ya Kirinyaga. Methanoli ina kilele kimoja safi kwenye 3.36, na fomati, ile sumu inayotokana nayo na kuua mishipa ya macho, iko peke yake mbali kwenye 8.45, ambapo karibu hakuna jirani. Pombe ya kawaida iko kwenye 1.18, vilele vitatu. Spektra moja ya mkojo ingemwambia daktari mgonjwa alikunywa nini na sumu imefika wapi. Siku hizi kuna mashine ndogo za mezani, za megahezi 60 hadi 100, zenye sumaku ya kudumu isiyohitaji heliamu. Zinaona kidogo kuliko kubwa, lakini methanoli ya mtu aliyekwisha kupofuka si kitu kidogo. Watoto wachanga wanaozaliwa na hitilafu za umetaboli nao hugunduliwa kwa mkojo kwa njia hii katika nchi nyingine. Sidhani ni ndoto kwamba siku moja chuo kimoja cha magharibi kitakuwa na moja. Pale Kisian, nje kidogo ya mji huu, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hufanya utafiti wa malaria unaosomwa dunia nzima, kwa hiyo akili hatuna upungufu nazo.

Ila nisiwadanganye kwamba sumaku ndiyo tunayoihitaji kesho asubuhi. Laktati ya mtoto mwenye malaria kali, ambayo ikizidi milimoli 5 kwa lita ni dalili ya hatari kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hupimwa kwa tone la damu na kifaa cha mkononi. Glukosi ni kwa tone la damu. Ketoni ni kwa kijiti. Tunahitaji vijiti hivyo visikose zahanati. Na hapa niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi hawatalipenda: watu hawapangi foleni kwa kijana wa koti jeupe kwa sababu ni wajinga. Senje alipoenda kliniki mara ya mwisho kabla ya masaibu haya, vijiti vilikuwa vimekwisha, alisubiri tangu alfajiri, na aliyemhudumia hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Kijana alimwita kwa jina, akamwekea kiti, akamweleza figo ni nini kwa kumchorea kwenye karatasi. Alimwibia, lakini alizungumza naye. Mtu anayetaka kuifunga meza ile na asitake kuuliza kliniki yetu ina nini, atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo meza ifungwe. Sheria ya mwaka 1999 inataka anayepima wagonjwa awe amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Vifaa vya matibabu na dawa viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Maafisa wa afya wa kaunti za Kisumu, Vihiga na Kakamega hawahitaji upelelezi wowote, tangazo linataja soko na siku. Waende na swali moja: cheti cha kusajiliwa kiko wapi? Redio nazo, zinazosoma tangazo hilo kwa sauti ile ile ya kusoma habari, ziulize swali hilo kabla ya kupokea pesa. Wasomaji wenye wazee nyumbani wafungue makopo ya majani ya chai waone kama kuna vidonge vilivyofichwa.

Kwa wenye mashine hiyo, ninawapa jaribio ambalo halihitaji chuo. Nitaleta chupa tatu zisizo na maandishi: moja ya maji ya bomba, moja ya maji yenye sukari ya kutosha chai ya familia, moja ya mkojo wangu. Chovyeni chuma chenu katika kila moja, mtuambie mbele ya watu sukari iko wapi. Mimi nitatumia vijiti vya mkojo, na kila kimoja kitanipa jibu kwa sekunde thelathini. Mkishinda, nitanunua begi zima la unga wa kijani na kulipa papo hapo kwa simu. Luanda au Kisumu, chagueni nyinyi siku.

Mwanamaabara mstaafu,
Migosi, Kisumu